Kabla ya kutangaza dawa kanisani, tuulize: ililinganishwa na nini?

Mwezi wa pili, wakati mvua ya Lubumbashi haipumziki na kila kidimbwi cha mtaa kimejaa mbu, mama mmoja wa parokia yetu alisimama wakati wa matangazo akatoa ushuhuda. Mtoto wake alikuwa na homa siku tatu. Hakumpeleka kituo cha afya. Alimnywesha chai ya artemisia, majani makavu aliyopewa na jirani, na siku ya pili homa ikashuka, mtoto akatoka nje kucheza. Kanisa lilipiga makofi, nami nilipiga.

Wiki iliyofuata wamama walileta shauri mbele ya wazee. Walikuwa wamekusanya fedha kidogo, wakataka kununua kilo kadhaa za majani hayo, kuyafunga katika mifuko midogo na kuyaweka katika sanduku la dawa la parokia, badala ya vidonge vya malaria ambavyo vinaisha kila mara na ambavyo watu wanalalamika kwamba vinachosha mwili. Mmoja wao alikuwa na karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye simu. Karatasi ilisema kwamba utafiti ulifanywa hapahapa Kongo, katika Maniema, juu ya wagonjwa karibu elfu moja, na kwamba chai iliishinda dawa ya hospitali.

Kwa kuwa mimi ni muuguzi, wazee waliniomba niusome utafiti huo na kuwarudishia jibu. Makala hii ni jibu lile, nimelirefusha kidogo, maana nasikia parokia nyingine za mashariki zina karatasi ileile mkononi.

Ushuhuda na hesabu

Kwanza niseme wazi: mama yule hakusema uongo. Mtoto aliugua, akanywa chai, akapona. Mambo hayo matatu ni kweli. Lakini kuna neno dogo ambalo sisi sote tuliliweka katikati bila kufikiri, neno "kwa sababu", na hilo hakuna aliyelipima. Mtoto hakutolewa damu, kwa hiyo hatujui kama ilikuwa malaria. Kituoni ninapofanya kazi, watoto wengi wanaletwa na homa na kipimo cha haraka kinaonyesha hawana malaria: ni mafua, ni sikio, ni tumbo, na homa nyingi za namna hiyo huondoka zenyewe kwa siku tatu au nne. Hata malaria yenyewe ina desturi ya kupanda na kushuka. Mtoto anaweza kucheza asubuhi na kutetemeka usiku.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema kanisani. Anayeshuhudia ni yule aliyepona. Mama ambaye mtoto wake alikunywa chai hiyohiyo akafa hasimami wakati wa matangazo. Yuko matangani, na hakuna anayemwuliza alimpa mtoto nini. Basi masikio yetu yanajaa habari za upande mmoja tu, na hilo ni kweli kwa majani, kwa vidonge, hata kwa sindano.

Ili kujua kama dawa ndiyo iliyoponya, tunahitaji kuona watu wengine wanaofanana na wale wagonjwa, waliopewa kitu kingine, kwa muda uleule. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Danieli sura ya kwanza. Danieli hakumwambia msimamizi amwamini tu. Aliomba siku kumi za mboga na maji kwa ajili yake na wenzake watatu, kisha wafananishwe na vijana waliokula chakula cha mfalme, na msimamizi mwenyewe ndiye atazame. Mna vitu vitatu pale: kundi la kulinganisha, muda uliowekwa kabla, na mwamuzi ambaye si mmoja wao. Mtafiti wa leo angelalamika kwamba vijana wanne ni wachache mno, na kwamba walijichagua wenyewe. Labda walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Siandiki hivi ili kupunguza kazi ya Mungu. Nilipomwonyesha mchungaji wetu alicheka, akasema amehubiri sura ile miaka mingi bila kuona jaribio la dawa ndani yake.

Kitu kinachokosekana katika habari ya Danieli ni kura. Katika jaribio zuri la dawa, si daktari wala mgonjwa anayechagua nani apewe nini. Kura ndiyo inayochagua. Sababu yake tunaijua sisi wauguzi vizuri, maana tuna mioyo. Ningekuwa na dawa mpya ninayoiamini, ningempa nani? Pengine yule aliye hoi, kwa huruma. Pengine yule mwenye nguvu, kwa sababu nataka dawa ionekane nzuri. Kwa vyovyote makundi mawili hayatakuwa sawa tena, na mwisho sitajua kama ninapima dawa au ninapima huruma yangu. Kura haina rafiki. Ikiwa watu ni wengi, inatawanya wenye nguvu na wanyonge, matajiri na maskini, waliofika mapema na waliochelewa, karibu sawasawa katika kila kundi, hata kwa mambo ambayo hakuna anayeyajua.

Utafiti wa Maniema

Sasa tuje kwenye karatasi ya wamama. Utafiti wenyewe upo kweli. Ulifanywa mwaka 2015 katika vituo vya afya vya Maniema, na ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la kisayansi linaloitwa Phytomedicine. Kichwa chake kinavutia: jaribio kubwa, la kura, ambalo mgonjwa na mganga wote wawili hawajui nani amepewa nini. Ukisoma kichwa peke yake unaweza kufunga mjadala pale.

Wagonjwa 957 wa malaria walihusika. Kundi moja lilipewa vidonge vya ASAQ, yaani artesunate pamoja na amodiakini, dawa ambayo kila kituo cha afya hapa nchini kinaijua. Wengine walikunywa lita moja ya chai kwa siku, siku saba. Baadhi chai ya Artemisia annua, baadhi chai ya Artemisia afra. Walifuatiliwa siku 28. Mwishoni waandishi walisema kwamba kwa watu wazima, waliokuwa hawana tena vimelea katika damu ni 100 kwa mia kati ya waliokunywa annua, 91 kwa mia kati ya waliokunywa afra, na 30 kwa mia tu kati ya waliomeza ASAQ. Kwa watoto hesabu zilikuwa 91, 82 na 50.

Wamama walikuwa wamepiga mstari chini ya ile 100. Mimi nilisimama kwenye ile 30.

Dawa ya kulinganisha ndiyo mizani ya jaribio zima. Tunajua ASAQ inafanya nini katika nchi yetu, kwa sababu imepimwa mara nyingi. Hapa kwetu Katanga, mwaka 2008 na 2009, watoto 301 wenye malaria waligawanywa kwa kura kati ya ASAQ na artemether-lumefantrine. Baada ya maabara kutenganisha malaria iliyorudi na malaria mpya iliyoletwa na mbu mwingine, kila moja ya dawa hizo mbili iliponya zaidi ya watoto 98 kwa mia. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kwamba dawa ya malaria ikishindwa kwa wagonjwa zaidi ya 10 kwa mia, nchi inapaswa kuibadilisha. Na hapa tunaambiwa kwamba imeshindwa kwa watu wazima 70 kwa mia! Kama ingekuwa hivyo kweli, mahospitali ya Kindu na Kalima yangekuwa yamefurika watu waliomeza dawa wakabaki na malaria, na sisi wauguzi tungekuwa wa kwanza kulia.

Basi kulikuwa na kasoro mahali fulani. Labda vidonge vilikuwa vibovu au viliungua na jua. Labda watu hawakuvimeza vyote, maana kweli vinachosha na vinaleta kichefuchefu. Labda waliumwa na mbu upya. Vimelea vilihesabiwa kwa mikroskopu, na mikroskopu peke yake haiwezi kutofautisha kimelea cha zamani na kipya. Labda kazi ya kuandika na kuhesabu haikwenda sawa. Sisemi kwamba mtu alidanganya, sikuwako. Nasema tu kwamba katika kila moja ya sababu hizo ulinganisho unavunjika. Ukimshinda mbio mtu aliyevunjika mguu, hatujajua bado wewe una mbio kiasi gani.

Halafu ile 100 yenyewe, ukiitazama bila makofi, inatia shaka badala ya kufurahisha. Artemisinini, kitu kinachoua vimelea katika annua, hutoka mwilini kwa muda wa saa chache. Mtu amekunywa chai siku saba, kisha akakaa wiki tatu katika kijiji chenye mbu bila kinga yoyote, na hakuna hata mmoja aliyepata vimelea vipya? Tena waandishi wenyewe walisema kwamba afra ilikuwa na artemisinini kidogo mno, karibu si kitu, na bado iliponya karibu sawa na ndugu yake. Wanaoitetea chai wanasema kuna vitu vingine ndani ya jani. Huenda vipo. Lakini neno kubwa namna hiyo linahitaji ushahidi mzito, na ushahidi huu mizani yake imepinda.

Kuna pia swali la kuficha. Chai ya artemisia ni chungu; anayeinywa anajua. Vidonge ni vidonge. Mtu akiniambia kwamba mgonjwa hakujua alichopewa, lazima anieleze kwa makini alifichaje lita nzima ya maji machungu kwa siku saba. Maneno mazuri ya kichwa hayanitoshi.

Madaktari wengi waliandika kuupinga utafiti huo, na baadaye jarida lenyewe liliifuta makala ile. Karatasi ya wamama haikuliandika hilo. Karatasi za namna hiyo huendelea kutembea kwenye simu miaka mingi baada ya makala yenyewe kufutwa, kama barua ya mtu aliyekwisha kubadilisha mawazo.

Niliendelea kutafuta, maana sikutaka kuwarudishia wamama hapana tupu. Nikakuta jaribio jingine la zamani zaidi, lililofanywa pia katika nchi yetu na kuchapishwa mwaka 2004. Lile lililinganisha chai ya annua na kinini, kwa kura. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa adui wa mmea. Walitumaini utasaidia vijiji visivyo na dawa. Waliona kwamba chai inashusha homa haraka na inapunguza vimelea haraka, sawasawa na alivyoshuhudia mama wa parokia yetu. Baada ya siku saba, waliopona kwa chai walikuwa kama 74 kwa mia, na kwa kinini 91 kwa mia. Kisha, katika wiki zilizofuata, malaria iliwarudia wengi wa waliokunywa chai. Watafiti hao waliandika waziwazi kwamba chai peke yake haiwezi kupendekezwa badala ya dawa.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye fumbo la ushuhuda wetu wote. Chai inafanya kitu. Mmea huo ndio uliowapa Wachina artemisinini, kazi iliyompatia Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, na artesunate ya kidonge cha ASAQ imetengenezwa kutokana nayo. Shida ni kipimo: jani la shamba hili lina nguvu, la shamba lile halina, na dozi isiyotosha inapunguza vimelea bila kuvimaliza. Homa inashuka, tunashuhudia siku ya pili, na siku ya ishirini hakuna anayetuuliza. Vilivyobaki vinazaliana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa namna yoyote, si kutibu wala kuzuia malaria, na mojawapo ya hofu zake ni kuvifundisha vimelea kuizoea artemisinini. Hofu hiyo si ya mbali: katika Rwanda na Uganda vimelea vilivyoanza kuizoea vimekwisha kupatikana.

Jaribio lenye jina la Kiswahili

Mzee mmoja aliposikia hayo alikasirika kidogo. Aliniuliza: Je, kila utafiti wa Wakongo mnautupa, na kila utafiti wa wazungu mnaukubali? Ni swali la haki, na jibu lake liko Beni na Butembo.

Wasomaji wetu wa Kivu ya Kaskazini hawahitaji kusimuliwa Ebola ya 2018 hadi 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 walikufa. Katikati ya mauti hayo, tarehe 20 Novemba 2018, lilianzishwa jaribio la dawa nne, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya INRB ya Kinshasa pamoja na watafiti wa Marekani. Waliliita Pamoja Tulinde Maisha. Lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mahali ambapo vituo vya matibabu vilishambuliwa na kuchomwa moto. Katwa na Butembo vilishambuliwa katika wiki moja ya mwezi wa pili 2019. Wagonjwa 681 waliandikwa.

Kila mgonjwa alipata huduma zote za kawaida, maji ya mishipa, chakula, dawa za maambukizi mengine, kisha kura ikaamua apewe ipi kati ya dawa nne. Swali lilikuwa moja, limeandikwa kabla ya kuanza: baada ya siku 28, nani yuko hai? Kati ya 169 waliopewa ZMapp walikufa 84. Kati ya 175 wa remdesivir walikufa 93. Kati ya 174 waliopewa mAb114, dawa iliyotokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa 61. Kati ya 155 wa REGN-EB3 walikufa 52. Yaani nusu au zaidi ya nusu katika makundi mawili, na karibu theluthi moja katika mengine mawili.

Angalia jinsi walivyokuwa waangalifu. REGN-EB3 iliingizwa jaribio likiwa limekwisha kuanza. Ingekuwa rahisi kuilinganisha na wagonjwa wote wa ZMapp, pamoja na wale wa wiki za kwanza. Hawakufanya hivyo. Waliilinganisha na wale 154 tu waliopata ZMapp katika kipindi kilekile, kwa sababu wiki za kwanza za mlipuko si sawa na wiki za baadaye: wauguzi wanazoea, wagonjwa wanafika mapema au kuchelewa zaidi. Jambo hilo dogo, ambalo gazeti halitaliandika kamwe, liliniongezea imani kuliko hesabu zenyewe.

Na si wao walioamua kusimamisha. Kulikuwa na baraza la watu wengine, wasiotibu na wasiouza, lenye ruhusa ya kutazama matokeo njiani. Mwezi wa nane 2019, hesabu za wagonjwa 499 zilipokuwa mezani, baraza hilo lilisema jaribio lisimame na wagonjwa wapya wapewe zile dawa mbili zilizo bora. Siku chache baadaye Profesa Muyembe aliweza kutangaza kwamba Ebola sasa ni ugonjwa unaotibika.

Hapa kuna jambo la kushangaza kwa anayependa vichwa vya habari. Jaribio la Maniema lilijiita la kuficha pande zote mbili. Lile la Beni halikuficha: madaktari walijua wanampa nani nini. Kwa maandishi, la Maniema lingekuwa bora. Lakini kifo hakibadiliki kwa sababu daktari anapenda dawa fulani, na kundi la kulinganisha la Beni lilikuwa na hali iliyotarajiwa na wanaoujua ugonjwa. Ndiyo maana moja limesimama na jingine limeanguka, na yote mawili yalifanywa katika nchi hii, na Wakongo wakiwa mbele.

Hata hivyo, jaribio zuri nalo lisomwe mpaka mwisho. Dawa mbili zile hazikuwa muujiza kwa kila mtu. Kwa waliokuwa na virusi vichache damuni, walikufa kama 10 au 11 kwa mia. Kwa waliokuwa na virusi vingi walikufa 64 hadi 70 kwa mia, hata kwa dawa bora. Kila siku ya kuchelewa nyumbani iliongeza hatari. Anayesema "Ebola ina dawa" na kunyamaza hapo amesema nusu.

Na ZMapp? Iliwahi kujaribiwa Afrika ya Magharibi mwaka 2015. Walikufa 8 kati ya 36 walioipata, na 13 kati ya 35 wasioipata. Ukisikia hivyo unaona dawa imeokoa watu. Lakini watu 71 ni wachache. Tofauti kama hiyo inaweza kuletwa na bahati tu, na watafiti wale walikubali hivyo. Ilipofika Beni, mbele ya watu wengi zaidi, nusu ya walioipata walikufa.

Kinini tuliyoizoea

Niongeze mfano mmoja unaotuhusu sisi wauguzi, nisionekane ninawahubiri wamama peke yao. Miaka mingi tulitundika serumu ya kinini kwa mtoto mwenye malaria kali, na tuliiamini kwa macho yetu. Watoto waliamka! Kati ya 2005 na 2010, watoto 5425 wa nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwa mojawapo, pamoja na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, waligawanywa kwa kura kati ya kinini na artesunate ya sindano. Kwa kinini walikufa 297 kati ya 2713. Kwa artesunate walikufa 230 kati ya 2712.

Hesabu hiyo ni kama watoto 24 zaidi waliobaki hai katika kila 1000. Hakuna muuguzi duniani anayeweza kuona tofauti ya namna hiyo kwa macho, akiwa zamu yake, katika chumba cha vitanda kumi na viwili. Mimi sikuiona. Ningeapa kwamba kinini inatosha, na ushuhuda wangu ungekuwa wa kweli kama wa mama yule, na watoto wangeendelea kufa polepole bila mtu kujua kwa nini.

Nani anafaidika

Wazee waliuliza pia juu ya fedha, na ni vizuri waliuliza. Ndiyo, makampuni ya dawa yanatafuta faida, na REGN-EB3 ni mali ya kampuni ya Marekani. Taasisi ya Marekani iliyosaidia kuongoza jaribio la Beni ndiyo pia iliyoitengeneza mAb114. Hayo yaandikwe, yasifichwe. Lakini upande wa chai pia una watu wake: mmoja wa waandishi wa utafiti wa Maniema ndiye aliyeanzisha shirika la kueneza artemisia Afrika. Mtu anaweza kupenda kitu kwa moyo safi bila franka moja mfukoni, na upendo huo ukapindisha mizani kama fedha. Kwa hiyo siulizi tu nani amelipa. Nauliza ni nini kilichomzuia asipate jibu analolitaka: kura, swali lililoandikwa kabla, waamuzi wa nje, na jambo linalohesabiwa lisiloweza kubembelezwa.

Jibu kwa wazee

Nilipomaliza kusoma hayo mbele ya wazee na wamama, palikuwa kimya kidogo. Mama mwenye ushuhuda alikuwapo. Mtoto wake ni mzima mpaka leo, namwona kila Jumapili akikimbia kati ya viti. Nalo hilo halithibitishi neno lolote kwa upande wowote, nikamwambia hivyo, akatabasamu. Kisha akauliza swali lililokuwa la maana kuliko makala yote: "Sasa usiku wa saa saba, mtoto anawaka moto, kituo kiko mbali, teksi inadai bei mara mbili, na jani liko jikoni. Nifanye nini?"

Sikuwa na utafiti wa kumjibu. Majani hayako kwa sababu watu ni wajinga. Yako kwa sababu yako karibu.

Tuliongea mpaka jioni. Mwisho wamama walikubali kutonunua majani. Zile fedha ziliwekwa kwa mtunza hazina wa umoja wao, kwa ajili ya teksi ya usiku: mzazi yeyote wa parokia mwenye mtoto mwenye homa anapiga simu, anapelekwa kituoni, mtoto anapimwa damu ya kidole, na vidonge vinatolewa ikiwa kipimo kinasema malaria. Kwa watoto wanaotapika vidonge, nimeahidi kwenda mwenyewe nyumbani siku ya pili kuona kama dozi inamalizwa. Namba ya simu imebandikwa kwenye mlango wa kanisa, upande wa kulia, juu ya ratiba ya kwaya.